Kiwiko cha Mheshimiwa

Mashine iitwayo Mnyooshi ililimeza gari zima, ikalitikisa kidogo kama mtu anayesukutua, ikalitema upande wa pili magurudumu yote manne yakitazama mbele kama askari wa gwaride. Dereva alikuwa hata hajamaliza kupuliza chai yake. Hiyo ndiyo ilikuwa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ya jiji la Korogwe, enzi ambazo Korogwe ilishakuwa na maghorofa marefu hata mawingu yanabisha hodi yapite. Asiyeamini na akae hivyohivyo.

Kasoro ilikuwa moja. Gari lilikwenda moja kwa moja, lakini usukani wake ulilala kushoto kama kofia ya mlevi.

Injinia Nsia Mbwambo, aliyeiunda mashine hiyo, alijua sababu. Kabla ya kugusa magurudumu, usukani hufungwa ukiwa katikati kabisa. Ndipo vyuma viwili vinavyosukuma magurudumu ya mbele huzungushwa hadi vikubaliane nao. Sasa Mnyooshi ilifundishwa maana ya katikati siku ya uzinduzi, kwa gari la mgeni rasmi. Na Mheshimiwa Lugazia hakushuka. Alikaa humohumo, kiwiko kimeuegemea usukani, mkono mwingine ukipungia umati. Usukani ukalala. Nani amwambie mgeni rasmi atoe kiwiko? Mshereheshaji alikuwa anataja vyeo vyake, kwaya inaimba jina lake, Nsia anapiga makofi. Mashine, maskini, ikaamini huko ndiko katikati.

Malalamiko yalipozidi, wapambe wa Mheshimiwa hawakuigusa mashine. Kuirekebisha kungekuwa kusema mkubwa aliupinda. Wakaleta kishikashingo: mkanda wa umeme unaomwinamisha dereva kichwa upande wa kushoto hadi usukani uonekane umenyooka. Ukawa lazima kwa kila dereva. Wasomi wakajitokeza kuusifu, vichwa vimeinama kama kuku waliosikia mwewe.

Nsia hakuuvaa. Yeye aliendeshwa.

Aliyeuvaa ni mumewe, Elineema, mpiga picha za harusi, kutwa yuko barabarani.

"Mama Upendo, shingo inaniua."

"Vumilia, baba. Nitairekebisha mashine."

"Lini? Jana bi harusi kaniuliza mbona kwenye picha keki inawamwagikia wakwe."

"Baada ya maonyesho. Mheshimiwa anakuja, siwezi kumwaibisha."

"Haya, niaibike mimi. Mimi sina king'ora."

Maonyesho yakapita. Ikaja sherehe ya kumpongeza Mheshimiwa, kisha sherehe ya kuwashukuru waliompongeza. Kila Nsia alipopanda cheo, alipata sababu mpya ya kunyamaza, na kila sababu aliiita busara.

Kisha asubuhi moja Elineema akanywa uji wake bila kulalamika. Akapiga hata mluzi. Kimya cha ile shingo ndicho kilichomtisha Nsia. Akamchukua mumewe na gari lake hadi karakana, akawafukuza wapambe, akaufunga usukani katikati kwa mikono yake mwenyewe, akaifuta Mnyooshi kumbukumbu ya kile kiwiko na kuifundisha upya.

Gari likatoka. Magurudumu yamenyooka, usukani umenyooka. Nsia akafuta machozi, akamfungua mumewe mkanda.

Kichwa hakikurudi. Kilibaki begani, kimetulia, kama kilizaliwa hapo.

"Shika, baba Upendo. Jaribu."

Elineema akakaa, akautazama usukani. "Mke wangu, nani kaupinda huu?"

"Umenyooka!"

"Wewe nawe!" Akacheka cheko la kumwonea mtu huruma. Akaliondoa gari, akauvuta usukani kushoto taratibu, hadi pale pale ulipokuwa umelazwa na kiwiko. "Hapo sasa."

Gari likamtii. Likaiacha barabara, likatumbukia mtaroni pua mbele.

Watu wakakimbilia, wakamtoa mzima, kajaa tope. "Mashine imeharibika," akatangaza, nao wote, vichwa begani, wakaafiki kwamba imeharibika. Mmoja alishampigia Mheshimiwa aje aizindue upya.

"Haijaharibika!" Nsia akapiga kelele. "Nyie ndio mmepinda! Tazameni!"

Wakamtazama. Mama mmoja muuza maandazi akaweka ndoo yake chini, akamsogelea, akamshika bega kwa upole.

"Pole, injinia. Shingo hiyo ilikupinda lini?"