Upande wa Kushoto wa Ouma

Wesonga alikuwa amelala chini ya mnyororo wa kushoto wa tingatinga, miguu yake tu ikionekana. Tingatinga lenyewe, tani ishirini na mbili, lilikuwa limeteremshwa kutoka kwenye meli ya kung'oa magugumaji ziwani. Sasa lilisimama nusu gatini, nusu kwenye rampu ya kupandia trela.

Inspekta Rachael Naswa alichungulia, akainuka. Daktari wa polisi alikuwa amekwisha kuthibitisha kifo.

"Nani aliliendesha?"

"Mimi, madam." Mzee Ouma alikuwa ameketi chini, mikono magotini.

Walubengo, dereva wa trela, alihojiwa kwanza.

"Uliona nini?"

"Wesonga ndiye humwongoza mzee kwa mikono. Leo pini ya rampu ya kushoto ilichomoka, akaenda kuirudisha. Akampungia mzee asimame. Mzee akamtazama hivi, uso kwa uso. Akaendelea tu."

"Walikuwa na ugomvi?"

Walubengo alisita. "Asubuhi walifokeana. Wesonga alisema, 'Leo ndiyo mwisho. Nitamwambia bosi.'"

Naswa aliandika. Hapo palikuwa na sababu ya kuua. Akamwendea Ouma.

"Alitaka kumwambia bosi nini?"

Ouma aliinamisha kichwa.

"Ulimwona akikupungia?"

Jacinta, mke wa marehemu, alifika kutoka Kombewa. Hakupiga mayowe. Alichuchumaa kando ya ile miguu, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka. Naswa hakuweza kumzuia.

"Mtoeni," Jacinta alisema.

Jeki zilishindwa. Kreni ya karibu ilikuwa Eldoret. Na hakukuwa na mwingine gatini aliyejua kuendesha tingatinga.

"Mzee, panda ulirudishe nyuma. Kidogo tu," Naswa alisema.

"Siwezi."

"Umemuua," Jacinta alisema, "na hata kumwachilia unakataa?"

Ouma alimgeukia.

"Mama, sioni."

"Huoni nini?" Naswa aliuliza.

"Jicho la kushoto limekufa, mwaka wa pili huu. La kulia nalo lina ukungu. Wesonga alijua. Alikuwa akisimama kulia kila siku, ndiyo nimwone. Asubuhi alinisihi niende hospitali, nikamtukana. Nikipanda bila yeye, nitamsaga zaidi."

"Kwa nini ulificha?"

"Baba yangu alipofuka, akashikwa mkono hadi chooni, miaka tisa. Niliogopa, madam. Ni hivyo tu. Niliogopa."

Naswa alimfunga pingu. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Kila kitu kilikuwa wazi sasa, na bado hakuweza kuinua hata sentimita moja ya chuma kile.

Akapiga simu Eldoret. Kreni ingefika saa kumi. Ilikuwa saa tano.

Jacinta alivua leso, akaifunika ile miguu, akaketi juani.

"Wesonga yuko upande gani?" Ouma aliuliza kwa sauti ndogo. "Nataka kumwomba msamaha nikimtazama."

Jacinta alimsikia. Akaitengeneza leso juu ya ile miguu.