Kwanza Nenda Ukaione Kazi

Mzee Haroub ana duka la vifaa vya ujenzi Bunju. Anauza saruji, misumari, mabati, rangi na mabomba ya maji. Bunju watu wanajenga kila siku, kwa hiyo dukani hapakosi mteja. Mkewe, Bi Wahiba, humsaidia asubuhi, kisha hurudi nyumbani kupika. Nyumba yao iko nyuma ya duka. Wana watoto wawili. Mkubwa ni Matar, kijana wa miaka ishirini. Mdogo ni Khulud, ambaye wakati kisa hiki kinaanza alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne na anasubiri matokeo.

Mwaka huo Matar naye alikuwa nyumbani. Baba yake alikuwa amempeleka chuo kusomea ununuzi na ugavi. Mzee Haroub aliisikia kozi hiyo kwa mteja mmoja, aliyesema kwamba wanaoisoma hawakosi kazi. Matar hakupinga. Alidhani atafundishwa kununua na kuuza, kama wanavyofanya dukani. Darasani akakuta sheria, zabuni, mikataba na taratibu nyingi. Hakujua mambo hayo yanatumika wapi. Aliyakariri bila kuyaelewa. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipokuja, alifeli masomo mengi. Akafungasha nguo zake, akarudi Bunju.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Baba yake alimpa kazi ya kupanga mizigo dukani, wala hakumuuliza kitu. Mama yake aliwaambia majirani kwamba Matar yuko likizo. Likizo ikawa ndefu. Wateja walimuuliza anarudi lini chuoni, naye akatabasamu tu na kuinamia mizigo. Akaanza kula peke yake, wenzake wakishamaliza.

Ijumaa moja, baada ya swala ya mchana, mama yake alimsihi aje kula na wenzake. Wakakaa wote mkekani kuzunguka sinia la pilau. Mzee Haroub alikuwa na furaha. Alisema amepata fremu ya duka jirani na lao. Khulud atakwenda kusomea famasi, na akimaliza watafungua duka la dawa. Bi Wahiba akasema ni wazo zuri. Wote wakamtazama Khulud.

Khulud aliinamisha kichwa. "Sawa, baba," akasema.

Matar akaacha kula.

"Baba, samahani," alisema. "Muulize kwanza kama anajua mfamasia anafanya nini kutwa."

"Anauza dawa. Nani asiyejua?"

"Hata mie nilidhani ugavi ni kugawa vitu. Nilisema 'sawa, baba' hivihivi, kama alivyosema yeye. Nikakaa darasani mwaka mzima sielewi niko wapi. Nikaona aibu kukwambia. Sitaki Khulud apite nilikopita mie."

Mzee Haroub alinawa mikono, akatoka nje bila kumaliza chakula. Matar alidhani amemkasirisha. Lakini baba yake hakuwa na hasira. Alikwenda kukaa kwenye benchi mbele ya duka, akajiuliza ni lini aliwahi kumuuliza mwanawe anapenda nini. Hakukumbuka hata siku moja.

Nyumba ya pili kutoka pale anaishi Mwalimu Naima. Anafundisha sekondari, na pia ndiye anayewashauri wanafunzi kuhusu masomo na kazi. Jioni ile Mzee Haroub alikwenda kwake. Alimweleza yote, hata kwamba ile likizo ya Matar haikuwa likizo. Mwalimu Naima hakushangaa. Alisema vijana wa aina hiyo ni wengi, na wengi wao si wavivu wala si wajinga.

"Baba Matar," aliuliza, "ukiletewa nondo za kiwanda kipya, unazichukua bila kuziona?"

"Siwezi. Nazishika, nazipima unene, nauliza zimetoka wapi."

"Na kozi ya miaka mitatu uliichukua kwa kusikia jina lake tu."

Mzee Haroub alimwomba mwalimu aje azungumze na watoto.

Kesho yake Mwalimu Naima alikuja, wakakaa wote sebuleni. Aliwaambia kwamba mtu huanza kwa kujichunguza mwenyewe. Masomo gani unayaelewa bila kusukumwa? Kazi gani unaifanya nyumbani bila kutumwa? Kitu gani kinakuchosha haraka? Ukishajijua kidogo, unakwenda kuichunguza kazi. Unamtafuta mtu anayeifanya, unamuuliza, na ikiwezekana unaomba kukaa naye umwone akiifanya.

"Msiulize mshahara peke yake," alisema. "Muulizeni akifika kazini asubuhi anaanza na nini. Muulizeni kitu gani kinamuudhi, na kitu gani kinamfanya arudi kesho. Alisoma nini, na wapi? Wale aliomaliza nao chuo wako wapi sasa? Na msimuulize mtu mmoja tu, maana kila mtu anasimulia bahati yake."

Matar alikuwa amekaa karibu na mlango. "Na mtu aliyekwisha kufeli, mwalimu?"

"Naye anaanza hapohapo. Ulishindwa darasani, Matar. Kazi yenyewe hujawahi kuiona. Nenda kaione, halafu ndiyo useme kama imekushinda."

Mwalimu Naima aliwaombea ruhusa kwa mganga mfawidhi wa kituo kimoja cha afya upande wa Mbweni. Khulud angekaa nyuma ya dirisha la dawa, atazame na kuuliza, bila kugusa dawa. Matar angemsindikiza dada yake, kisha akaone kazi ya afisa ununuzi wa kituo hicho.

Mfamasia wa pale anaitwa Sesilia. Asubuhi ile watu walikuwa wengi. Sesilia alimweleza mama mmoja namna ya kumpa mtoto dawa. Akarudia. Akamwambia mama naye aseme alivyoelewa, kisha akamsahihisha taratibu. Baadaye akaja mwanamume aliyetaka antibiotiki bila cheti cha daktari. Sesilia alimkatalia. Yule bwana akatoa maneno makali, lakini Sesilia hakupandisha sauti. Alimwonyesha chumba cha daktari na kumsihi akapimwe kwanza, kwa sababu dawa isiyo yake inaweza kumdhuru.

Watu walipopungua, Khulud aliuliza maswali yake. Sesilia alimjibu bila kumficha kitu.

"Kutwa nasimama," alisema. "Kila anayefika hapa anaumwa, au ana mgonjwa nyumbani. Huwezi kumharakisha, na huwezi kukosea. Mie naipenda kazi hii. Mtu akinielewa, najua dawa yake itamsaidia. Lakini kama hupendi kuongea na watu kutwa nzima, itakuchosha mapema."

Alimwambia pia kwamba anayetaka kusomea dawa lazima afaulu Kemia na Baiolojia.

Matar alikuwa stoo, nyuma ya jengo. Afisa ununuzi, Bwana Projestus, alikuwa anapokea maboksi ya dawa kutoka kwenye gari. Alifungua kila boksi na kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi. Kufika boksi moja akasimama. Dawa zile zilikuwa zimebakiza muda mfupi kuharibika. Mletaji alimbembeleza azipokee, akasema zitaisha haraka. Bwana Projestus alitoa mkataba, akasoma kifungu kinachosema dawa ziwe zimebakiza muda gani zinapopokelewa. Boksi likarudishwa garini.

Matar alikijua kifungu cha aina ile. Alikuwa amekikariri chuoni bila kujua maana yake. Sasa alimkumbuka mama aliyemwona dirishani na mtoto wake alipomsindikiza Khulud. Kama boksi lile lingepokelewa, labda mtoto yule angepewa dawa iliyoharibika. Aliomba kusaidia kubeba maboksi, na huku akibeba akawa anauliza.

Bwana Projestus hakuisifu kazi yake kupita kiasi. Alisema karatasi ni nyingi. Wauzaji huja na zawadi ili wapendelewe, na ndugu nao hutaka zabuni. "Ukitaka kila mtu akupende, hii kazi itakutesa," alisema. Tena si kweli kwamba kila anayeisoma anapata ajira. Wapo aliosoma nao ambao bado wanatafuta. Matar aliyasikia yote hayo, na kesho yake akarudi. Alirudi siku nyingine nyingi.

Jioni moja alimfuata baba yake dukani. "Baba, ukiletewa saruji iliyoganda unafanyaje?"

"Naikataa."

"Basi ndiyo kazi yenyewe. Ila wao wananunua kwa fedha za watu wengi, kwa hiyo kuna sheria, ili asiwepo wa kudanganya. Sasa nimeelewa zile sheria ni za nini. Nataka kurudi."

Chuo kilimruhusu kurudia mwaka. Bi Wahiba alipopata habari hiyo, alikwenda mwenyewe kwa majirani. Aliwaambia kwamba Matar alifeli, na sasa anarudi kusoma. Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alimshika mkono, akamwambia kwamba binti yake naye anapiga simu kutoka chuoni huku analia, na hajui amsaidie vipi. Bi Wahiba akampeleka kwa Mwalimu Naima.

Kwa Khulud mambo yalikuwa magumu zaidi. Alijua baba yake anaitaka sana famasi. Siku tatu alishindwa kusema. Mwisho akamwambia kwamba anamheshimu sana dada Sesilia, lakini kazi ile haimwiti. Akiwa pale dirishani, mara nyingi alijikuta anatazama nje.

Mzee Haroub alivuta pumzi. "Nje ulikuwa unatazama nini?"

"Watu wanaopima viwanja. Wana chombo chenye miguu mitatu. Mmoja anachungulia, mwingine anasimamisha fimbo kule mbali."

Zamani Mzee Haroub angesema hiyo ni kazi ya wanaume. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Alikwenda kwa Mwalimu Naima, akamuuliza kama anamfahamu mpima ardhi yeyote. Mwalimu alimfahamu Bi Tabu, aliyekuwa na kazi Chanika. Bi Wahiba akamsindikiza binti yake huko. Walishinda juani kwenye majani marefu. Waliona majirani wawili wakigombania mpaka, na Bi Tabu akiwatuliza kwa vipimo. Bi Wahiba alirudi hoi. Khulud alirudi na miiba kwenye baibui, njia nzima anauliza maswali. Bi Tabu alikuwa amemuuliza kuhusu masomo yake, akamwambia ukweli mmoja: Fizikia yake ni dhaifu, na bila Hisabati na Fizikia hatafika. Khulud akaanza kujisomea Fizikia kabla matokeo hayajatoka.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu. Muda wa kurekebisha machaguo ya kidato cha tano ulipofika, alichagua Fizikia, Jiografia na Hisabati. Sasa yuko kidato cha tano. Fizikia bado inamsumbua, lakini hajaiacha. Matar alifaulu masomo yake yote mwaka ule aliorudia. Ile fremu jirani na duka, baba yao aliiachia.

Siku hizi Mwalimu Naima huwaalika watu wa kazi mbalimbali waje shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mwaka huu alimwalika Mzee Haroub. Alisimama mbele ya darasa, akaeleza kazi ya dukani tangu asubuhi mpaka jioni, raha zake na hasara zake. Wanafunzi waliuliza mengi. Kisha msichana mmoja akasimama.

"Shikamoo, mzee. Kazi hii uliichagua mwenyewe?"

"Marahaba." Mzee Haroub alifikiri kidogo. "Hapana, mwanangu. Marehemu baba alinipa funguo za duka, nikazipokea. Nimekuja kuipenda baadaye, namshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa rika lenu nilitaka kuwa mwalimu. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema."

Mzee Haroub akavuta kiti, akakaa karibu nao.

"Haya," akasema, "nawauliza nyie. Mnapenda kufanya nini?"

Mikono ikanyanyuka darasa zima.