Muziki wa Kusubiri

Rafiki yangu Nelson Abad, tunayemwita Nelo, ni fundi wa simu za intaneti mjini Loja, ambako jina kamili huishia na ukoo wa baba, kisha wa mama. Siku hiyo alihangaika kutwa kwenye zahanati moja, akiunganisha redio ili wanaosubiri kwenye simu wasikie muziki. Kila akijaribu, kimya.

"Mtambo huu utaniua," alifoka, akaifuta redio kabisa kwenye mtambo.

Zoila wa mapokezi akamrudia mgonjwa aliyemsubirisha kwenye simu. "Samahani, mzee Eladio. Muziki umegoma."

"Muziki gani, binti? Nirudishe kule. Yule mama anayesoma majina ameshataja langu na ukoo wa baba, bado ukoo wa mama tu."

Nelo akaipigia zahanati kwa simu yake ya mkononi, Zoila akamsubirisha. Kimya kile kile. Halafu, kwa mbali, sauti ya mwanamke.

"Nelson Rigoberto Abad," ilisoma, kisha ikavuta pumzi.