Siku Chiriku Alipoambiwa Asiende Shule

Nyumbani walimwita Chiriku, na jina hilo hakulipata bure. Aliamka akiongea, akapiga mswaki akiongea, akaongea njiani mpaka shuleni. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, na wapita njia walimsalimu bila kusimama. Baba yake alichomelea mageti na madirisha. Jioni alirudi na macho mekundu na njaa ya watu wawili.

Chiriku alikuwa darasa la nne. Shule yao ilisifiwa kila mwaka kwenye mkutano wa wazazi, na wazazi walivimba vichwa. Siwalaumu. Nani hapendi kusifiwa?

Jumatano moja mtoto alirudi kimya. Mama alimgusa paji la uso, akidhani ana homa. Hakuwa na homa. Alisema kesho watakuja wapimaji kutoka wizarani, na mwalimu amewaambia yeye na wenzake kadhaa wabaki nyumbani, wapumzike. Mama hakutilia maanani. Hata alifurahi kidogo, maana vifungo vya kushona vilikuwa vingi na alihitaji msaidizi.

Jioni alikuja jirani yao, Mama Pacha, kujaribu gauni lake. Huyu alifanya kazi katika idara ya wizara inayotuma wapimaji hao, ingawa kesho yake alikuwa amepangiwa shule nyingine. Aliposikia kwamba Chiriku haendi shule, alisahau gauni. Akauliza sababu. Mama akasema ni mapumziko tu, mbona mtoto anasoma vizuri, na akamwambia Chiriku alete kitabu amsomee shangazi.

Chiriku alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Mama Pacha alimsifu, kisha akamwomba asome neno moja tu, la katikati ya ukurasa, akaliwekea kidole. Chiriku akalitazama neno. Akaitazama picha. Akaanza kunong'ona tangu mstari wa kwanza ili afike pale. Mama Pacha akaifunika mistari ya juu kwa kiganja chake, na hapo mtoto akakwama.

Ukweli ulikuwa hivi. Darasani mwalimu alisoma mstari, na watoto wote wakaitikia kwa pamoja. Chiriku alikuwa na masikio mazuri. Kitabu alikuwa amekikariri chote, lakini kusoma hakujua. Mama yake aliona aibu, kisha uchungu, na uchungu ulizidi aibu. Muda wote huo alikuwa akimsikiliza mtoto huku anashona, na hakuwahi kuinua macho.

Baba aliporudi, akaelezwa. Hakutaka maneno mengi. Alisema mwalimu mkuu anajua anachofanya, mtoto abaki, mambo ya ndani yasianikwe nje.

"Shemeji, huu si mtihani," Mama Pacha alisema. "Hakuna anayefaulu wala kufeli, na jina la mtoto halitangazwi popote. Tunachagua watoto wachache kwa kura, kila mmoja anasoma peke yake. Tunaipima shule, na shule zote za nchi, tujue watoto wanajifunza au wanapitisha muda tu."

"Na shule ikionekana mbaya?"

"Ndiyo inasaidiwa. Mkiwaficha wasiojua, sisi tunaandika kwamba wote wanajua. Vitabu vinakwenda kwingine, na wakufunzi pia. Wanaoumia ni haohao mliowaficha."

Mama aliweka mkasi chini. "Wako wateja wakipimwa wanabana tumbo," alisema. "Mimi nashona nilichopima. Siku ya kuvaa, nguo haipandi, na lawama zote kwangu."

Baba hakucheka. Alikuwa akisugua vidole vyake vyenye makovu ya moto.

"Baba," Chiriku alisema, "nikibaki nyumbani, nani atajua kwamba sijui?"

Baba alisukuma sahani yake ya chakula kando. Kisha akasema mtoto ataenda, na atampeleka yeye mwenyewe.

Alfajiri mama alipita kwa wazazi wa wale wengine, akawaeleza. Baadhi walikubali, mmoja akamfungia mlango. Shuleni, mwalimu mkuu alimvuta baba pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba shule itashuka. Hakuwa mtu mbaya. Walimu wake walikuwa wachache, madarasa yamefurika, na sifa ile ndiyo iliyokuwa ikimpa moyo.

"Ishuke, mwalimu," baba alisema. "Wangu mimi alishashuka zamani, ila hatukujua."

Kura ilimwangukia Chiriku. Alipewa hadithi ambayo hakuwahi kuiona. Alisoma maneno mawili matatu, akakwama. Mpimaji alimshukuru sawa na alivyomshukuru aliyesoma yote.

Majibu yalipokuja, shule ilikuwa miongoni mwa zile za chini. Katika mkutano hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu aliyasoma mwenyewe, akakiri kwamba hata mwaka uliopita aliwabakiza watoto nyumbani. Wazazi walinung'unika sana, na walikuwa na haki.

Baadaye alikuja mkufunzi, akakaa na walimu muhula mzima. Kila asubuhi, kwa saa moja, watoto waligawanywa kwa kile wanachokijua, si kwa darasa. Kila mmoja alisoma peke yake, akasikilizwa. Vilikuja vitabu vingine vya hadithi. Wazazi nao walielekezwa: mpe mtoto asome kitu kigeni kila jioni, muoneshe neno hapa na pale, na uache kazi yako umtazame.

Wapimaji waliporudi mwaka uliofuata, hakuna mtoto aliyeambiwa apumzike. Shule haikuwa ya kwanza. Ilikuwa imepanda, na safari hii ilipanda kweli.

Jumapili moja Chiriku alileta kitabu kipya, akaketi karibu na baba yake. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Alikwama, akarudi nyuma, akaendelea mpaka mwisho. Baba alimwomba asome tena.

"Nimekosea wapi?" Chiriku aliuliza.

"Hujakosea popote," baba alisema. "Soma tu, mwanangu."