Ng'ombe Asiye na Alama

"Toka nje, mtoto ya Kuno! Toka utuambie kwa nini baba yako anataka dawa yote peke yake!"

Gumato aliacha kompyuta ikiwaka, akatoka mlangoni mwa kibanda chake cha kuchapisha pale Garsen. Alikuwa Kahaso, muuza maziwa, mtungi begani, na nyuma yake wafugaji wamevimba kwa hasira.

"Dawa gani, mama?"

"Chanjo ya ng'ombe! Picha iko kila ukuta. Ng'ombe ya baba yako, sindano ya baba yako. Yetu ife?"

"Nani kasema ni ya Baba?"

"Nani aseme? Mimi sina macho? Alama ya nyumba yenu iko hapo kwa paja!"

"Haiwezekani. Ng'ombe yule nimemchora mimi. Paja nililiacha tupu makusudi, kila mtu aone ni wake."

"Basi enda uangalie makusudi yako."

Alikwenda mpaka ukuta wa kinu cha posho. Akasimama. Ng'ombe ni wake kweli, shingo ile, macho yale. Lakini pajani mtu alikuwa ameweka nusu mwezi wenye mikia miwili, alama ambayo babu yake aliichoma kwa chuma cha moto, na baba yake bado anaichoma. Huku mbugani watu huisoma alama hiyo kwa mbali, kabla hata hawajamjua mchungaji ni nani.

Na chini, kwa herufi nene: *Mchoraji: Awadh*.

Awadh wa Kipini. Mchumba wake. Harusi baada ya Idi. Ndiye Gumato aliyempa flashi yenye mchoro aipeleke Tarasaa, kwenye ofisi ya mradi wa chanjo anakofanya kazi. Gumato alipiga simu palepale.

"Mpenzi wangu! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Awadh, umemfanya nini ng'ombe wangu?"

"Aa, umeona? Nimempamba kidogo. Alikuwa mtupu mno."

"Umempamba na nini?"

"Lile ua la kwenye ng'ombe wa baba yako. Nililipiga picha siku ile tulipokuja kuposa. Si urembo tu?"

"Urembo? Awadh, hilo ni jina la nyumba yetu! Watu wanasema Baba kahodhi chanjo. Wamekataa kuleta ng'ombe!"

"Wallahi sikujua. Sisi Kipini ng'ombe twamjua kwenye sahani."

"Na jina lako pale chini? Hilo nalo hukulijua?"

"Sikiza, Gumato. Wakubwa waliuliza nani kachora. Mke na mume si kitu kimoja?"

"Mimi na wewe hatujaoana."

Akakata simu. Ujumbe ukaingia: *Usikasirike habibti. Kesho nakuja kwenye chanjo pale mnadani, niwaelimishe.*

Awaelimishe! Watu wa Tana wameelimishwa mpaka wamechoka. Bado wanakumbuka mabango ya mafuriko yaliyoandikwa Kiingereza kitupu, yakabandikwa maji yakiwa yameshaingia jikoni. Walioyabandika walipanda gari wakaondoka. Wenyeji walipanda miti.

Kesho yake mnadani ng'ombe walikuwa wachache, watu wengi. Mzee Kuno alisimama peke yake karibu na boma. Wenzake wa miaka yote wamempa mgongo.

"Binti yangu," alimwambia Gumato kwa sauti ya chini, "leo Mohamed amekataa salamu yangu. Tumechunga pamoja tangu utoto."

"Atakusalimia, Baba. Leo hii."

Awadh alifika na kofia yake nyeupe ya kutariziwa, shati limepigwa pasi, akashika kipaza sauti.

"Ndugu wafugaji, grafiki ni taaluma ya mawasiliano bunifu inayomwezesha mlengwa kupokea ujumbe..."

"Huyu anauza nini?" Kahaso aliuliza.

Watu wakaangua kicheko. Reuben, daktari wa mifugo, akapokonya kipaza sauti.

"Awadh, hapa kuna Muorma, Mpokomo, Msomali na Mgiriama. Nusu yao hawajakuelewa. Kama kazi ni yako, waoneshe kwa picha. Neno hata moja sitaki."

Gumato alikuwa ameshachukua kipande cha mkaa kwa mama wa chai. Akapita katikati ya watu, akamwekea Awadh mkononi, akamwonyesha ukuta mweupe wa ofisi ya mnada.

"Gumato, usinifanyie hivi mbele za watu," Awadh alinong'ona.

Gumato akarudi nyuma kumpisha ukutani.

Awadh akachora. Mwili kama gunia, miguu kama vijiti, na pembe zimeota pale pa masikio.

"Huyo ni mbuzi au kiti?" mtu alipaza sauti.

"Mpeni chanjo haraka, anakufa!" akadakia Kahaso.

Gumato akauchukua mkaa. Akachora ng'ombe, kwato mpaka nundu, na kelele zikapungua zenyewe. Paja akaliacha tupu. Kisha, kumzunguka, akaanza kuweka alama: ya nyumba ya Mohamed, ya kina Kahaso, za nyumba za mito na mbuga zote alizozikariri akiwa mtoto nyuma ya ng'ombe. Ya baba yake akaiweka pembeni, ndogo kama nyingine.

"Hiyo yangu!"

"Na yangu, pale juu!"

Kutoka kila alama akavuta mstari mpaka kwa ng'ombe, na begani mwa ng'ombe akachora sindano. Mzee mmoja asiyejua Kiswahili akaenda kugusa alama yake, kisha sindano, akamgeukia kijana wake akamwamuru kwa lugha yao. Kijana akakimbilia mifugo.

Gumato hakuwa amemaliza. Akachora ng'ombe wa pili, mwenye nusu mwezi pajani, na kando yake mtu amevaa kofia ya kutariziwa, ameshika kalamu, anambandika alama ile.

Macho yote yakaenda kwenye kofia ya Awadh.

Mohamed alivuka uwanja, akamshika Kuno mkono kwa mikono yake miwili.

Awadh alimfuata Gumato nyuma ya boma.

"Umenimaliza."

"Kwanza sema jina lako ulilitia kwa nini."

"Niliona haya! Nyumbani wakiniuliza mchumba wako afanya kazi gani, niwaambie achora ng'ombe?"

"Na ulipotia jina lako ikawa kazi ya heshima?"

"Ningekufungulia ofisi, Gumato..."

"Mabango yakiandikwa Awadh? Nenda. Waambie kwenu hakuna harusi."

Jioni simu ilijaa. *Nisamehe.* Tena: *Mama analia.* Tena, maneno marefu kama hotuba, na mwisho wake: *Nijibu basi, hata neno moja. Wewe bado ni wangu?*

Gumato, ameketi na Kahaso mlangoni pa kibanda, akachora haraka kwenye karatasi: ng'ombe anatembea, kichwa juu, paja tupu, hana alama ya mtu yeyote. Akampiga picha, akatuma.

Kahaso akachungulia mara moja tu, akapiga makofi akicheka.

"Hee! Huyo hana mwenyewe!"

Simu ikalia. Jibu la mchoraji Awadh lilikuwa limefika.

*Sasa hii ndiyo nini? Mbona hujaandika kitu?*