Mshale wa Tairi

Jumamosi asubuhi Miwani alimaliza kuosha vyombo, akafagia ukumbi, kisha akachukua gazeti ili amsomee Babu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa miwani hata siku moja. Jina hilo alipewa na Babu tangu macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu. "Miwani yangu iko wapi?" Babu angeuliza, na msichana angekuja mbio.

"Leo tuache gazeti," Babu alisema. "Shangazi yako yuko njiani. Anakuja kuichukua ile nyekundu."

Ile nyekundu ilikuwa pikipiki ya mbio, iliyokaa katika banda la nyuma ya nyumba. Enzi zake Babu alishindania nayo vikombe. Baadaye ikawa ya kwendea kazini, na mwishoni ikawa ya kumpeleka Bibi sokoni. Sasa alikuwa ameamua kumpa binti yake, fundi umeme wa mji wa jirani, ambaye angeondoka nayo kabla giza halijaingia. Babu aliomba jambo moja tu: kabla haijaenda, apakiwe nyuma hadi darajani na kurudi, mara ya mwisho. Lakini tairi la nyuma lilikuwa kipara, na kwa tairi la namna hiyo hakuna aliyekubali kwenda popote. Jipya lilikuwa limeegemezwa ukutani, bado lina harufu ya dukani.

Shangazi alifika akiwa na kofia ya pikipiki mkononi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kunja mikono ya shati, kazi inakusubiri."

Waliisimamisha pikipiki kwenye stendi, wakalegeza nati ya ekseli, wakauvua mnyororo na kulitoa gurudumu. Shangazi alilibandua tairi kuukuu huku jasho likimtoka. Babu akalipokea, akalipakata, akawa analipapasa kwa kiganja.

"Shika hapa katikati, Miwani. Pakoje?"

"Pamekuwa bapa kama meza."

"Na huku kingoni?"

"Huku bado kuna mpira mwingi. Kama jipya."

"Basi huo ndio uzee," Babu alisema, akacheka peke yake. "Zamani nilikuwa namaliza kingo kwanza, kwa kuilaza pikipiki kwenye kona. Hili limeisha katikati. Barabara iliyonyooka, mwendo wa kobe, na bibi yako nyuma ananifinya mbavu."

"Nilikufinya kwa sababu ulitaka kuniua!" Bibi alidakia kutoka mlango wa jikoni. "Muulize, mke mwenzangu, vitunguu vyangu vilimwagikia wapi!"

Wote walicheka, hata Babu. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya tairi. Miwani aliona jinsi mzee alivyoikumbuka barabara ile, akamhurumia.

Shangazi alikwenda kwa jirani kuazima pampu. Babu akalisogeza tairi jipya karibu na gurudumu. Katika banda lile kulikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa tangu Shangazi mwenyewe akiwa mtoto. Kabla tairi halijavalishwa, Babu huuliza, "Mshale?" na mwenzake hutazama mshale mdogo uliochongwa ubavuni mwa tairi, ndipo ajibu. Tairi la pikipiki ile lina upande wake wa kuzungukia. Likivalishwa kinyume, mifereji yake haiyatoi maji vizuri, na njia ikilowa linaweza kuteleza. Vidole vya Babu vilikuwa vimeota sugu kwa miaka ya spana na grisi, havikuweza kuuhisi mshale ule.

"Mshale?" Babu aliuliza.

Wakati huohuo marafiki wa Miwani walikuwa wamejaa getini. "Miwani! Kamba iko tayari, tunakungoja wewe tu!"

"Nakuja!" aliwaitikia. Kisha, uso wake ukiwa bado umeelekea getini, akasema, "Mbele, Babu."

"Mbele," Babu alirudia, kama desturi ilivyotaka. "Haya, nenda kacheze kidogo."

Kulivalisha tairi lile haikuwa kazi ya kitoto. Shangazi aliporudi, Babu alimwambia mshale umekwisha tazamwa, wakapaka maji ya sabuni, wakasukuma kwa magoti, wakabinya kwa vyuma, wakatupiana lawama na utani. Upepo ulipojaa, tairi likakaa mahali pake kwa mshindo, pa! Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Miwani aliporudi. Gurudumu lilikuwa limekwisha fungwa, na Babu alikuwa amevaa koti lake la ngozi la zamani. Lilimbana tumboni, lakini alitabasamu kama bwana harusi.

"Futa sabuni hapo ubavuni," Shangazi alimwambia Miwani, akimpa kitambaa. "Tunaondoka sasa hivi. Nikichelewa, nitaendesha gizani."

Miwani alifuta. Povu lilipoondoka, mshale ulijitokeza. Ulikuwa upande wa juu wa tairi, nao ulielekea nyuma.

Akisema, tairi litavuliwa upya, jua litazama, na Babu ataikosa safari yake. Tena Babu atajua kwamba macho aliyoyaamini hayakutazama. Asiposema, nani atagundua? Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Bibi alikuwa amekwisha kumfunga Babu kofia chini ya kidevu.

Miwani aliweka kitambaa chini. "Mshale," alisema kwa sauti ndogo.

Babu aligeuza kichwa. "Unasemaje?"

"Mshale unatazama nyuma, Babu. Sikuutazama. Nilikujibu tu." Machozi yakamtoka.

Shangazi alichuchumaa, akaangalia, akaguna. Kisha Babu akaifungua kofia, akavua koti, akamkabidhi Bibi.

"Nipe spana," alisema.

Safari hii walifanya wote wanne, na Miwani hakubanduka. Babu alipouliza, "Mshale?" Miwani alipiga magoti, akaugusa kwa kidole, akausindikiza hadi mbele ya gurudumu. "Mbele, Babu." Walipomaliza kulikuwa giza. Shangazi akaamua kulala, aondoke alfajiri.

Usiku mvua ilinyesha bila taarifa. Asubuhi barabara ilikuwa inang'aa kwa maji. Babu alipanda nyuma ya binti yake, akamshika kiunoni. "Zamani nilikaa mimi hapo," Bibi alisema. "Leo na wewe ukaone!" Waliporudi kutoka darajani, mzee alikuwa amelowa hadi magotini, na mashavu yake yalikuwa yamejaa tabasamu.

"Kwenye ile kona ya daraja palikuwa na dimbwi," alimwambia Miwani. "Tairi likalikata, likapita. Nikakukumbuka wewe."

"Lakini mimi ndiye niliyekosea, Babu. Hutatafuta miwani nyingine?"

Babu akamshika bega. "Sikiliza, mjukuu wangu. Macho yangu haya yananikosea kila siku, na bado ninayo. Jicho likikosea, mtu hutazama tena. Lakini jicho linaloona halafu likaficha, hilo litakuangusha. Jana ungenyamaza, leo mimi na shangazi yako tungekuwa wapi? Kazi ukipewa, itazame. Na ukikosea, sema mapema, hata kama watu wamekwisha vaa makoti."

Shangazi aliaga, akawasha pikipiki. Babu alisimama getini, mkono wake ukiwa begani kwa Miwani, wakausikiliza mngurumo ukienda mbali.

"Niambie," Babu aliuliza kwa shauku. "Amefika kona ya kiwandani? Ameilaza vizuri, kama mimi?"

Miwani alijua jibu ambalo Babu alilitaka.

"Sijaona, Babu. Lori limeniziba."

Babu akaangua kicheko hadi akashika nguzo ya geti. "Hayo!" alisema, akijifuta machozi. "Hayo ndiyo macho yangu."