Mfumo Mgeni kwenye Simu ya Osiako

Alhamisi asubuhi, siku ya wafiwa kunyolewa baada ya mazishi, Zilpah aliwasha simu ya marehemu mumewe mbele ya ukoo uliokusanyika Shianda, akakuta haina kitu. Picha hakuna, majina hakuna. Sauti ya Mzee Osiako, aliyojirekodi kabla ya kufa akieleza shamba la miwa libaki kwa nani, ilikuwa imetoweka.

Ukoo ulikuwa umekubali kuisikiliza sauti hiyo na kuifuata. Bila hiyo, shamba lingerudi kwa Osundwa, mdogo wa marehemu, na Zilpah angefungasha virago. Ni yeye tu aliyekuwepo mzee akirekodi, na marehemu alimwapisha asitoe neno hadi siku hiyo. Sasa nani angemwamini? Watu waliokula kuku wake tangu mazishi walianza kutazama viatu vyao.

Koplo Jepkoech, aliyetumwa kulinda amani pale bomani, aliomba simu. Aliizima, akaiwasha tena. Kabla ya kufunguka, ilitoa onyo kwamba haitumii tena mfumo wa uendeshaji wa kampuni iliyoitengeneza.

"Hii simu ilikuwa wapi?"

"Kwa kabati ya sebule," Zilpah alisema. "Jana nilikuwa jikoni na wamama mchana wote. Yeyote angeingia. Lakini namba ya kuifungua najua mimi peke yangu."

Osundwa alitoa simu ya vibonye iliyofungwa kwa mpira. "Mimi natumianga hii, afande. Hiyo ya kugusa hata kuiwasha sijui." Furaha yake hakuificha. Jepkoech alimchukia papo hapo, ila alimwamini kuhusu simu.

Chrispinus, mtoto wa pekee wa Zilpah na marehemu, anayesomea kompyuta mjini Kakamega, alimshika mamake bega.

"Ni hizi kampuni, afande. Zinatumanga mfumo mpya, simu inaupokea yenyewe, kila kitu kinafutika. Mimi nilitoa wa kampuni kwa simu yangu, nikaweka wa mafundi huru. Ni mwepesi, na haukuchunguzi. Hata yako naweza kukuwekea. Lakini uhamishe picha kwanza, maana ukifungua kufuli ya mfumo uweke mwingine, vyote vinaenda."

Jepkoech alimshukuru. Zilpah alikumbuka kwamba Masinde, fundi wa simu mjini, aliwahi kukaa na simu ile siku mbili. Mchana Jepkoech akamfuata kibandani na simu hiyo.

"Nilibadilisha kioo tu," Masinde alisema kwa hasira. "Mfumo sikugusa."

"Labda kampuni ilituma mfumo mpya, huo ndio ukafuta."

"Wa kampuni ukijibadilisha haufuti sauti za mtu. Aliyefanya hivi alifuta makusudi, kwa kompyuta, bila kuhitaji namba ya kuifungua. Na angeacha mfumo wa kampuni, simu ingeamka ikitaka paswadi ya akaunti ya mzee, ikwame hapo, kila mtu ajue kuna mtu ameifuta. Huu wa mafundi huru hauulizi. Ndiyo maana aliuchagua."

"Sauti inaweza kurudi?"

"Hapana, afande. Hiyo imeenda."

Saa kumi jioni Jepkoech alirudi Shianda. Chrispinus alikuwa akipanga viti vya kukodi. Zilpah na Osundwa walikuwa hapo hapo uani.

"Uliniambia kampuni ndiyo ilileta mfumo mpya," Jepkoech alianza. "Hii haina mfumo wa kampuni. Leta simu yako, tuziwashe pamoja."

Chrispinus aliisukuma simu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Na ulijua itafuta. Ni wewe uliniambia nihamishe picha."

"Chris," Zilpah alisema, "sema si wewe."

Kijana aliachilia kiti. "Baba alinifukuza hapa, mama! Nilikataa kukata miwa, akasema mbele ya watu sitapata hata kipande. Nilijua ndivyo amesema humo. Namba sikuwa nayo, kusikiza singeweza. Baba mdogo akaniahidi, sauti ikipotea, atanikatia nusu ekari."

"Mimi?" Osundwa alicheka. "Shahidi wako nani?"

Chrispinus alimkodolea macho. Hakuwa na shahidi. Hakuwa na nusu ekari pia, na ndipo alipoanza kuelewa.

Zilpah aliketi chini, kitambaa kikimwanguka kutoka kichwani kilichonyolewa. Uchungu wake haukuwa wa shamba tena.

"Baba yako alirekodi mara mbili," alimwambia Chrispinus. "Ya kwanza alilia, ikaharibika. Alisema alikukosea. Alisema shamba lote ni lako, ulime usilime, mimi nikae hapa mpaka nife. Alitaka ukoo umsikie akikuomba msamaha, kwa sababu alikutukana mbele yao."

Chrispinus aliokota kitambaa, akamfunika mamake kichwa.

"Hayo ni maneno yako, shemeji," Osundwa alisema. "Ukoo ulitaka ya marehemu."

Jepkoech alimuuliza Zilpah kama angetaka kijana ashtakiwe. Zilpah alimgeukia mwanawe.

"Enda ukatoe vitabu vyako ndani," alimwambia. "Baba yako mdogo anataka nyumba."